Saa Mbili Kasorobo, Chandarua Kinashuka

Alhamisi na Jumapili ni siku za gulio hapa Ngaramtoni, na jioni ya gulio haiji kimya kimya. Akina mama wanafunga maharage yaliyobaki kwenye viroba, bodaboda wanagombea abiria, vifodi vinapiga honi kuelekea mjini. Kisha giza linaanguka. Huku kwetu haliingii kwa kunyata. Tuko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta, na jua letu halina mizengwe: iwe Desemba iwe Julai, linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1. Shemeji yangu aliyeko Norway ananiambia mwezi wa Juni huziba madirisha kwa blanketi ili wanawe walale, maana saa 4 usiku nje bado kweupe. Nilimcheka sana. Sisi taa ya kuwalazia watoto tumewekewa na Mungu bure, inazimwa kwa wakati uleule kila siku, na bado saa 4 hiyohiyo watoto wetu wengi wako sebuleni wanatazama tamthilia na shangazi zao.

Wangu walikuwa humo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mpare wa Same niliyeoa Uarushani. Mke wangu ni muuguzi. Siku 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha alirudi kazini, na mwanetu wa pili alipofikisha miezi kumi zikaanza zamu za usiku. Mke wangu anatoka nyumbani saa 12 jioni, anarudi asubuhi jua limeshapanda, macho mekundu. Katikati hapo nabaki mimi na vyumba viwili vya kupanga, pamoja na binti wa miaka minne ambaye namwita Mama kwa kuwa amerithi jina la mama yangu, na huyo wa miezi kumi ambaye ukoo mzima unamwita Dogo.

Wiki ya kwanza niliongozwa na kanuni ambayo nimeisikia tangu utotoni: mtoto akichoka atalala mwenyewe. Basi nikawaacha wachoke. Runinga ikawaka, Mama akaruka juu ya kochi, Dogo akatambaa chini ya meza akitafuna vifuniko vya soda. Saa 3 usiku Dogo alianza kujisugua macho. Nikasema bado kidogo. Saa 3 na nusu alikuwa anacheka ovyo kama mlevi, nikafurahi kwamba mwanangu ana nguvu. Saa 4 akaanza kulia kilio ambacho hakikuwa na sababu. Si njaa, si nepi, si tumbo. Nilimbeba, nikamweka chini, nikambeba tena, nikampa simu yenye katuni. Alinyamaza dakika kumi, kisha akalia upya kwa sauti ya juu zaidi. Tulilala saa 6 usiku, sote watatu tumejibwaga kitandani na nguo za mchana.

Nilijifunza baadaye kwamba kanuni ile ni ya uongo, walau nusu yake. Mtoto mdogo ana kidirisha chake cha usingizi. Kikifika hupiga miayo, hujisugua macho, huvuta sikio, huanza kulegea. Ukikipitiliza, mwili wake hudhani kuna sababu ya kubaki macho, nao humwaga zile homoni za kumwamsha. Kile kicheko cha mlevi ndicho dalili. Nguvu niliyoisifu ilikuwa uchovu uliogeuka.

Jumamosi akaja mama mkwe wangu, ambaye wanangu humwita Koko kama watoto wa hapa wanavyowaita bibi zao. Alikuja na mkungu wa ndizi mshare na kibuyu cha maziwa mgando. Nikamwamkia, nikamkaribisha kiti, nikasogea pembeni, kwa sababu mkwe ni mkwe. Hakusema lolote jioni ile. Alitazama tu. Kesho yake, jua likizama, akaniita.

“Baba, huyu mtoto hajui kama ni usiku.”

“Mama, si giza hilo hapo nje?”

“Giza liko nje. Ndani kwako bado ni gulio.”

Akavua kanga ya begani akaifunika runinga. Hakuizima, aliifunika tu, kama mtu anavyofunika chungu, na sauti ya tamthilia ikaendelea kunong'ona chini ya kitambaa mpaka mimi mwenyewe nikaona aibu nikaenda kuizima.

Alichofanya baada ya hapo hakikuwa na maajabu, na ndiyo maana nakiandika. Chakula saa 12 na nusu, ndizi zilizopondwa na maharage. Saa 1 akabandika sufuria ya maji. Akamwaga maji baridi kwenye beseni kwanza, ya moto yakafuata, maana anayeanza na ya moto ndiye anayekuja kuunguza mtoto mwenye haraka ya kuingia. Akapima kwa kiwiko. Dogo akaogeshwa haraka, kisha Mama. Mafuta ya mgando mgongoni na miguuni, kwa mkono mzito unaokwenda taratibu. Nguo za kulalia. Maziwa kwenye kikombe. Kisha taa kubwa ikazimwa ikabaki ile ndogo ya ukutani, chandarua kikashushwa, na Koko akaanza kuimba kwa Kimaa, maneno machache yanayozunguka na kujirudia, ambayo mimi hata leo siyaelewi. Saa 2 kasorobo Dogo alikuwa amelala. Na mimi pia, kwenye kiti.

Kesho yake akafanya vilevile. Keshokutwa vilevile. Nilidhani ana mkono wa baraka. Siku ya tano aliniachia mimi sufuria na beseni akakaa kando na ugoro wake, na Dogo akalala kwa mkono wa Mpare. Hapo nikatambua kuwa siri haikuwa mikononi mwa Koko. Ilikuwa kwenye mfuatano. Mtoto wa miezi kumi hajui kusoma saa, ila anajua kwamba baada ya beseni huja mafuta, baada ya mafuta huja kikombe, na kikishashuka chandarua hakuna kinachofuata. Kila hatua inamwambia hatua ijayo, na mwili wake unaanza kujiandaa kabla hujamlaza.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2009 mwanasaikolojia wa Philadelphia, Jodi Mindell, na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha akina mama 405 na watoto wao wa kati ya miezi 7 na miaka 3. Kwa wiki mbili baadhi ya akina mama wale walifuata ratiba moja kila usiku: kuoga, kupaka mafuta, shughuli ya utulivu, taa kuzimwa. Watoto wao walilala upesi zaidi na kuamka mara chache zaidi, na akina mama wenyewe wakawa na hali nzuri ya moyo. Nitasema pia kwamba utafiti ule ulidhaminiwa na kampuni inayouza sabuni na mafuta ya watoto, kwa hiyo sifa za beseni zipokee kwa jicho moja. Lakini mwaka 2015 timu hiyo ilirudi na taarifa za akina mama zaidi ya 10,000 kutoka nchi 14, na picha ikawa ileile: kadiri siku za juma zenye ratiba zinavyoongezeka, ndivyo usingizi unavyokuwa bora. Anayefanya siku tatu hupata kidogo, na wa siku saba hupata zaidi. Koko hajasoma makala ya Mindell. Ana watoto sita.

Maji ya uvuguvugu yana kazi yake, sabuni iwe ya kampuni gani. Ngozi ikipata joto, mishipa midogo hupanuka, na mtoto akitoka majini joto la ndani ya mwili hutoka kupitia hapo na kushuka kidogo. Kushuka huko ni mojawapo ya ishara ambazo ubongo huzitumia kujua kwamba wakati wa kulala umefika. Taa hafifu nayo inaruhusu ubongo kutoa melatonini, homoni ya usiku. Mwanga mkali wa runinga au simu iliyoshikwa karibu na uso huichelewesha. Ndiyo sababu hata katuni nzuri za kwetu, kama zile za Akili zinazotengenezwa Dar es Salaam, nimezihamishia mchana. Hazina kosa. Ila saa yake si hiyo.

Nimwonee huruma hapa mzazi mwenye mtoto wa mwezi mmoja anayesoma huku akisinzia. Ratiba haitakusaidia bado. Mtoto mchanga hajui usiku wala mchana. Saa ya mwili wake huanza kujipanga taratibu, na melatonini yake mwenyewe huanza kuja vizuri akikaribia miezi mitatu. Kabla ya hapo wewe nyonyesha, lala anapolala, mchana umpitishe kwenye mwanga, usiku uzungumze kwa sauti ya chini. Ndani ya arobaini usimlaumu mtu.

Sasa Julai ya Ngaramtoni. Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga anisamehe, hajui ninachozungumza. Tumeegemea Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, na kuanzia Juni ukungu hushuka hadi mabatini. Usiku upepo unapita chini ya mlango kama mtu mwenye funguo zake. Katika msimu huo, hapa kwetu, kila mwenye mtoto hufikiria mambo mawili, na yote mawili yana hatari yake.

La kwanza ni kumfunika. Dogo alipokuwa mchanga Koko alimvisha kofia ya sufu, soksi mbili, sweta, akamviringisha blanketi na juu yake shuka nzito ya Kimasai, na mto pembeni asije akagonga ukuta. Nilitaka kunyamaza, mkwe ni mkwe. Mke wangu, ambaye huyo ni mama yake mzazi na ana ruhusa, ndiye aliyefungua lile furushi. Mtoto mchanga hupoteza joto la ziada kupitia kichwani, na akiwa ndani na kofia anaweza kupata joto kupita kiasi bila kuweza kujifunua. Mto na blanketi laini vinaweza kumziba pua. Nguo moja zaidi ya zile unazovaa wewe inatosha, na ukitaka kujua kama ana baridi mguse kifuani au shingoni, usiguse vidole. Vidole vya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha. Na alale chali. Wamarekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua sana kwao. Akishaweza kujigeuza mwenyewe kwa pande zote, basi unamlaza chali, akijipindua mwache.

Koko alisikiliza maelezo yote ya bintiye, akauliza swali moja: “Na ninyi wote mlikuwa na kofia, mbona mko hapa?” Hatukuwa na jibu la kumtosha. Kofia ilivuliwa hata hivyo.

Kulala kitanda kimoja na mtoto sitakukataza, kwa sababu ningekuwa mnafiki. Vyumba viwili, kitanda cha tano kwa sita, chandarua kimoja. Akina mama wa huku wamelala na watoto wao tangu enzi. Ushauri wa wataalamu wengi wa afya ni mtoto mchanga alale chumba kimoja na mama ila mahali pake. Ukishindwa, basi kuna mipaka isiyo na mjadala: asilale na mtu aliyekunywa, asilale na mvuta sigara, asilale kwenye kochi, na asilale na baba aliyechoka mpaka hajitambui. Hili la mwisho naliongeza kwa sababu ya ule usiku wa saa 6.

La pili ni jiko la mkaa. Hapa sitatania.

Mwaka ule wa zamu za usiku, jioni moja ya baridi kali, nilipika ndizi nje barazani, na makaa yalipobaki mekundu bila moshi nikaona hasara kuyaacha. Nikaliingiza jiko chumbani, nikafunga mlango na dirisha, nikafurahia joto. Nilijiambia moshi umeisha, hatari imeisha. Baada ya muda kichwa kikaanza kunigonga. Mama akasema anasikia kichefuchefu. Dogo alikuwa amelala vizuri mno. Nilimwita nikamtikisa, akafungua macho kwa shida. Sijui ni nini kilichonisukuma kufungua mlango badala ya kulala. Tulikaa barazani na mablanketi mpaka kichwa kiliponiacha, na alfajiri nikawapeleka zahanati.

Makaa yanayowaka ndani hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashika damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, na anayeivuta anaweza kuumwa kichwa, kuhisi kichefuchefu, au kuhisi usingizi mzito tu. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo huathirika mapema. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya kuliko yote. Siku hizi natia maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, naifunga vizuri, naifunga tena kwa taulo, naiweka kitandani nusu saa kabla, na ninapowalaza naiondoa. Kitanda kinakuwa kimeshapata moto. Ziba chini ya mlango kwa matambara. Vaa soksi.

Turudi kwenye raha. Baada ya kikombe cha maziwa huja mswaki, na hapo Mama ana maswali. Maji ya mlima huu yana floridi nyingi, na wazee wengi waliokulia hapa, Koko akiwemo, wana meno ya kahawia tangu utotoni, kwa sababu floridi iliwaingia jino likiwa bado linajengwa. Mama anasugua kwa nguvu akiamini kwamba Koko alisahau mswaki. Nimemweleza mara nyingi kwamba si uchafu, ni maji. Anasugua tu. Kuhusu Dogo, jambo moja: asilale na chupa ya maziwa mdomoni. Maziwa yanayokaa kwenye meno usiku kucha huyaozesha yakingali mawili. Kunyonya kwa mama yake usiku ni jambo lingine. Hilo halina ubishi nyumbani kwangu, na mimi huhamia ukutani.

Halafu hadithi. Taa ndogo, chandarua kimeshuka, sisi watatu ndani yake kama samaki kwenye wavu. Nasema “Hadithi, hadithi!” na Mama anaitikia “Hadithi njoo!” kwa sauti ambayo mwanzoni ilikuwa inamwamsha mdogo wake. Tumekubaliana aitikie kwa mnong'ono. Kila usiku ni Sungura na Fisi, na kila usiku anataka Fisi yuleyule aliyenasa mkia. Nilijaribu kuleta mpya, alikataa. Nilidhani ni ukaidi, kumbe ni mfuatano uleule. Anajua inaishaje, kwa hiyo hana haja ya kukaa macho kuisubiri.

Wimbo nimeuchukua kwa Koko bila maneno yake, nauguna tu. Nilikuwa nikijilaumu kwamba naharibu, mpaka niliposoma kuhusu watafiti wa Harvard waliowachezea watoto wachanga wa Marekani bembelezi za lugha wasizowahi kuzisikia. Mioyo ya watoto wale ilipiga polepole zaidi kwa bembelezi kuliko kwa nyimbo nyingine za lugha ngeni. Basi Kimaa cha kuguna kinatosha.

Ataamka usiku? Ataamka. Mtu asikuuzie ratiba ya kulala saa 12 mfululizo. Miaka ya 1970 watafiti Charles Super na Sara Harkness waliishi na Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya, wakaona watoto wachanga wanalala ubavuni mwa mama zao na wanaamka kunyonya mara kwa mara usiku, miezi kwa miezi, wakati watoto wa Marekani wa umri huo walikuwa wameshazoezwa kulala kipande kirefu. Na hapa hapa kaskazini kwetu, kando ya Ziwa Eyasi, timu ya David Samson iliwapima Wahadzabe wazima 33 kwa siku 20, ikachapisha matokeo mwaka 2017. Katika muda wote huo, zilikuwa dakika 18 tu ambazo wote walikuwa usingizini kwa pamoja. Karibu daima alikuwapo angalau mmoja aliye macho. Saa 9 usiku, Dogo akiamka kuomba maji, huwa nawakumbuka. Simwashii taa, simpi simu, siongei naye mambo mengi. Nampa maji, nampigapiga mgongoni, anarudi.

Kuna hesabu ambayo kila mzazi mwenye mtoto wa awali aifanye kwa vidole. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji kulala muda wa saa 12 hadi 16 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, wa mwaka 1 hadi 2, saa 11 hadi 14, wa miaka 3 na 4, saa 10 hadi 13. Binti yangu alipokuwa na miaka minne aliamshwa saa 12 asubuhi kwa ajili ya gari la shule. Asipolala mchana, ili apate hizo 10 za chini kabisa ilikuwa lazima awe amelala saa 2 usiku. Siyo awe anaoga, wala awe anamalizia wali, awe amelala. Darasani kwangu nawaona wanaolala saa 5. Hawasinzii, kama watu wanavyodhani. Wanapigana, wanalia kwa kupoteza kifutio, wanasahau walichosoma jana. Tumewachapa sana watoto wa namna hiyo nchi hii, na wengine walihitaji tu kulala.

Mama mmoja jirani, tunayepanga naye ua mmoja, alinikuta barazani na beseni akaniuliza, “Mwalimu, mama watoto yuko wapi mpaka uogeshe wewe?” Nikamjibu yuko kazini anaogesha wa wenzetu. Akacheka, akaenda. Baada ya mwezi mumewe, dereva wa kifodi, akaja kuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mafuta yapakwe mgongoni kabla au baada ya maziwa. Nikamwambia vyovyote, mradi kesho iwe hivyohivyo.

Mke wangu sasa amehamishiwa zamu za mchana. Anaogesha yeye, mimi nabaki na hadithi. Dogo ana miaka miwili na nusu, anaitikia “njoo” kabla sijamaliza kusema hadithi. Julai imekaribia, na usiku wa jana ukungu ulifika hadi dirishani. Mwenzangu unayesoma haya ukiwa huku mlimani na mtoto pajani: jiko la mkaa libaki nje.